Chumba cha Moshi

30 Machi 1945, Ijumaa Kuu

Tumeingia Hollerbach saa tatu asubuhi bila kupigwa risasi hata moja. Kila dirisha limetundikwa shuka jeupe, mji mzima kama umeanikwa. Barabarani hapakuwa na mtu. Mapazia ndiyo yaliyotutazama.

Koplo Palladino, dereva wetu, alinigeukia. "Sajenti, hapa watu wapo au wamehama?"

"Wapo. Wanahesabu magari yetu."

Hakuuliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu nilizaliwa hapa. Nyuma ya mapazia kama hayo nami nilisimama, Novemba 1938, nina miaka kumi na mitano, nikiwahesabu waliopita na mienge kutusaka sisi Wayahudi. Miezi miwili baadaye nikapelekwa peke yangu Baltimore kwa Mjomba Julius, maana hati ya kuingia Marekani ilipatikana moja tu. Baba, Mama na mdogo wangu Trude walibaki wakingoja zao. Barua yao ya mwisho niliipata vuli ya 1941. Nilipofikisha miaka ishirini nikaingia jeshini. Wakanipa uraia nikiwa ndani ya sare, wakanifundisha kuhoji mateka kwa Kijerumani changu. Mimi ni Mmarekani wa miaka miwili.

Kapteni Tuttle, mkuu wa kikosi chetu kidogo, alitaka nyumba ya ghorofa yenye jiko zuri. Karani wa mji akamwonyesha moja karibu na kisima. Alipoinyooshea kidole alinitazama mimi, si Kapteni.

Ni nyumba yetu.

Nikamshushia Kapteni mzigo wake.

31 Machi

Hakuna kilichohamishwa. Saa ya ukutani ipo, kochi la kijani lipo, hata ule ufa kwenye kioo cha kabati nilioutia kwa mpira. Nimetembea chumba hadi chumba kama mwizi anayekagua.

Anayekaa hapa sasa ni Bi Ottilie Dörr, mke wa mwalimu mkuu. Kapteni amemruhusu abaki katika chumba cha kufulia nguo ili atupikie. Mumewe alinifundisha miaka minne, kisha akanihamishia benchi la nyuma, kisha akanitoa nje kabisa. Mama huyu aliniona kila siku ya shule. Leo alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta.

"Karibu, bwana askari. Vikombe viko kabati la kushoto."

Najua viko kabati la kushoto; mkono wangu ulikuwa umeshafika hapo. Mama ndiye aliyeviweka.

Kwenye mwimo wa mlango wa mbele, pale tulipokuwa tumepigilia kijaluba cha Kiyahudi chenye maneno ya sala, pamepakwa rangi. Tabaka tatu, nimechunguza kwa kisu. Kila tabaka limebanduka mahali pale pale, urefu wa kidole, pameinama kidogo kama kilivyokuwa kimepigiliwa. Kwingine kote rangi imeshika.

1 Aprili

Kengele za Pasaka yao tangu alfajiri. Pasaka yetu nayo iko wiki hii hii. Nimekula mkate uliochachuka, ambao siku hizi kwetu ni mwiko, sina mwingine.

2 Aprili

Nimewahoji watu kumi na mmoja katika ofisi ya posta. Nawauliza ya Kapteni kwanza: nani alikuwa nani katika Chama cha Nazi, silaha ziko wapi. Mwishoni nachomeka langu, kana kwamba limeandikwa kwenye fomu.

"Familia ya Rothfels, waliokaa karibu na kisima. Walikwenda wapi?"

"Walihama."

"Walihamia wapi?"

"Walihama tu, bwana askari."

Kumi na mmoja, neno lile lile, na bega lile lile linapanda na kushuka. Kama wimbo waliofundishwa pamoja.

Juu kabisa ya orodha ya Kapteni limeandikwa jina la Dörr, aliyekuwa mwenyekiti wa Chama hapa mjini. Mkewe anasema alikufa Februari vitani kule mtoni, pamoja na wazee wengine waliopewa bunduki dakika ya mwisho. Ametuletea karatasi ya kifo. Haina mhuri.

3 Aprili

Mvua.

5 Aprili

Mvua bado. Nilikwenda jikoni kukausha soksi. Bi Dörr alikuwa anamenya viazi. Hatukuwa tumezungumza zaidi ya vikombe na kuni. Ghafla akaanza kusema bila kuinua macho.

"Wewe unaijua lugha yetu vizuri, bwana askari, kwa hiyo nitakwambia wewe. Wakubwa wako watanicheka. Nyumba hii ina mtu."

"Mtu gani?"

"Tulihamia Julai 1942. Wiki ile ile nikaanza kumsikia. Siyo usiku, huku mashetani wa usiku tumewazoea. Mchana. Saa nane, mume wangu akiwa shuleni, mimi nimejilaza. Hatua nyepesi zinashuka kutoka darini. Zikifika kipandio cha tano kutoka chini, zinaruka."

"Zinaruka?"

"Kile kipandio kinalia. Anayeshuka anajua kwamba kinalia."

Nilishika ukingo wa jiko, nikasahau kwamba ni la moto. Baba alikikanyaga kipandio kile bila kujali. Mama hakukikumbuka hata siku moja. Mimi nilikikanyaga kwa makusudi. Mtu mmoja tu katika nyumba hii alikuwa akikiruka.

"Bado unamsikia?"

"Bado." Kiazi kilikuwa kimemenyeka lakini aliendelea kukikwangua. "Ila siku hizi kule juu kumekuwa kuzito. Kama ameongezeka mwenzake."

Aliniangalia mara moja, haraka, kisha akarudi kwenye beseni lake.

6 Aprili

Nimemsikia.

Saa nane na dakika tatu. Jua lilikuwa limetoka, Palladino yuko nje anaosha gari na kuimba. Nilikuwa nimeketi sebuleni na faili. Hatua za miguu mitupu, moja moja, pasipo haraka. Nikajikuta nazihesabu. Palipofika kile kipandio pakawa na pengo, kisha kishindo kidogo cha visigino viwili pamoja.

Nilitoka. Ngazi ilikuwa tupu, vumbi linacheza kwenye mwanga. Mbao za chini zilikuwa kavu. Nilipoweka kiganja juu yake zilikuwa na joto, lakini jua lilikuwa linazipiga, kwa hiyo hilo halisemi kitu.

Naandika nilichosikia. Sisemi ni nini.

8 Aprili

Nimekwenda kwa mwoka mikate wa jirani. Mume amefariki, sasa anaendesha mjane wake, Bi Lina Heck. Utotoni alikuwa akitupa mimi na Trude masalio ya keki za plamu juu ya uzio. Amezeeka kama miaka ishirini imempita kwa mara moja. Nilimwomba mikate sita ya kikosi. Akanipa saba. Alipoisukuma kwangu, unga ukamwagika kwenye viatu vyangu.

"Umehesabu vibaya, mama."

"Sijahesabu vibaya," akasema, akafunga dirisha.

9 Aprili

Mvua. Mahojiano. "Walihama."

11 Aprili

Palladino hacheki tena na nyumba hii. Asubuhi alinivuta mkono mpaka juu ya ngazi, mbele ya mlango wa darini.

"Sajenti, nimepita hapa sasa hivi. Palikuwa na sahani, ina mkate na kiazi. Nimeingia chumbani nikachukua mswaki, nimetoka. Tazama."

Sahani ilikuwapo, imefutwa safi.

"Panya," nikasema.

"Panya! Panya gani wa nchi hii anakula kiazi na maganda yake, halafu anaiacha sahani imekaa sawasawa katikati ya kipandio?" Akapiga ishara ya msalaba. "Bibi yangu wa Calabria angekuwa ameshahama na godoro kichwani. Na mwanamke yule anatupikia viazi vya watu wanne. Sisi tuko watatu. Yeye mwenyewe hali, namwangalia."

"Labda anakula jikoni."

"We Bert, hivi wewe huogopi, au kuna kitu unakijua?"

Nilimwambia siogopi. Hilo lilikuwa nusu ya swali lake.

14 Aprili, Jumamosi

Lori la kikosi kingine lilisimama kisimani kuongeza maji. Dereva wake, jitu la mabega mapana, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori anaosha mikono. Aliosha, akakausha, akaosha tena. Nilimuuliza wametoka wapi. Akaniambia walichokikuta mashariki mwa hapa, nyuma ya uzio wa kambi ya wafungwa, siku kumi zilizopita. Alinieleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Alipomaliza akauliza, "Una sabuni?"

Nikampa sabuni yangu yote.

Jioni nilimtazama Bi Dörr akitandika meza, akipanga uma upande wa kushoto, na kwa mara ya kwanza nikatamani afe. Nikamshukuru kwa chakula.

15 Aprili

Siwezi kuandika.

17 Aprili, Jumanne

Nitaandika kwa mpangilio, kama ripoti, nisije nikaacha kitu.

Saa nane kasoro dakika kumi. Kapteni alikuwa posta. Palladino alikuwa uani anatengeneza gurudumu. Nilivua buti nikaketi kwenye kipandio cha juu kabisa, mgongo kwenye mlango wa darini, nimeazimia kumwona huyo anayeshuka, awe hai au asiwe.

Saa nane ikagonga kanisani. Hakushuka mtu. Lakini nyuma ya mgongo wangu, ndani ya dari, mtu alikohoa. Kikohozi cha mwanamume, kilichozibwa na kitambaa.

Nilifungua mlango. Dari yetu ni ndefu na ya chini. Mwisho wake, linapopita bomba la moshi, Babu alijenga chumba kidogo cha matofali, chenye mlango wa chuma, ambamo tulikuwa tukining'iniza nyama ya ng'ombe na vidari vya bata bukini vikauke kwa moshi. Mtu mmoja anaweza kuketi ndani akikunja magoti. Mgeni hawezi kukijua. Mbele yake palisukumwa kabati la nguo la Nyanya, ambalo zamani lilikuwa chumbani. Vumbi la sakafu lilichorwa mistari na miguu ya kabati hilo, lililosukumwa na kurudishwa mara nyingi.

Nililisogeza. Nikatoa bastola. Nilikusudia kupiga kelele kwa Kiingereza, kama nilivyofundishwa: toka nje, mikono juu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa lugha ya mtaa wetu, ile ya kisimani na ya mnadani, ambayo sikuitamka kwa miaka sita. Na haikutoka kwa sauti yangu. Ilikuwa nzito, ya polepole, yenye mkwaruzo wa tumbaku. Mimi sivuti tumbaku. Ilikuwa sauti ya Baba.

"Mwalimu," sauti ile ilisema. "Unakaa kwangu."

Ndani, pumzi ilikatika. Kisha:

"Leopold?"

Ndilo jina la Baba.

Nilielewa kwamba yeye haigizi. Humo gizani alikuwa anaongea na mfu, na wala hakushangaa.

"Nilijua utarudi," akasema Dörr kutoka nyuma ya chuma. "Wenzangu walisema hamrudi. Mimi nikawaambia, mtaona. Leopold, sikugusa vitu vyako. Saa naitia ufunguo kila Jumapili."

"Mtoto yuko wapi?"

"Sikumgusa. Hata kwa kidole."

"Yuko wapi?"

Akaanza kulia, kilio chembamba cha mtu aliyezoea kulia bila kusikika. "Wewe na mkeo mlipochukuliwa Juni ile, hakuna aliyejua kwamba mmemwacha humu. Tukahamia. Ottilie ndiye aliyemgundua. Alimwekea mkate, wiki tisa, hakuniambia! Wiki tisa nakula, nalala, nasahihisha madaftari, na juu ya kichwa changu... Kisha siku moja nikapanda kutafuta ndoo. Nikasikia kitu. Nikafungua. Alikuwa ameketi hapa, hapa nilipo sasa. Akanyanyuka, Leopold, akapiga kichwa kwenye dari, akasimama wima akanisalimia, kama darasani. 'Habari za mchana, Bwana Mwalimu.'"

"Kisha?"

"Nikafunga mlango. Nikateremka. Nikavaa kofia."

"Kisha?"

"Nikaenda posta kupiga simu."

"Simu hiyo ilichukua dakika ngapi?"

"Leopold, nakuomba."

"Dakika ngapi?"

"Mbili," akasema. "Labda hata mbili hazikufika."

Nilikuwa nimeweka mdomo wa bastola kwenye tundu la mlango, pale moshi ulipokuwa ukipumulia. Lina upana wa kutosha. Ripoti ingekuwa rahisi: mtu anayetafutwa, amejificha, amekataa kutoka. Kapteni angetia sahihi bila kuuliza.

Nikageuka. Bi Dörr alikuwa amesimama mlangoni mwa dari, ameshika sahani ya saa nane. Sijui alikuwa pale tangu lini. Hakupiga kelele. Hakusema "usiue". Alisimama akingoja, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Kilichonizuia si huruma, na siandiki hapa kujisifu. Niliogopa ile sauti. Niliona kwamba nikifyatua sasa, atakayefyatua ni Baba. Na Baba, aliyeuza ng'ombe maisha yake yote, alimpelekea mchinjaji hata kuku, kwa sababu mkono wake haukuweza.

Nikamwita Palladino kwa Kiingereza, kwa nguvu zangu zote. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu, imepasuka kidogo.

Tulimtoa akiwa na soksi tu, ndevu nyeupe, uso mweusi kwa masizi. Aliponiona kwenye mwanga akapiga yowe. Bastola nilikwisha kuirudisha kiunoni, kwa hiyo hakuipigia yowe bastola.

Palladino alipomteremsha, niliingiza kichwa na tochi ndani ya chumba cha moshi. Kwenye masizi ya ukutani kulikuwa na mistari, imechorwa kwa kidole chembamba, saba saba, safu tisa. Chini yake kulikuwa na mistari mingine, minene zaidi, inaendeleza hesabu. Kumi na tisa. Tangu siku tulipoingia.

18 Aprili

Posta, saa nne. Kapteni nyuma ya meza, Dörr kwenye kiti, mkewe kwenye benchi, Palladino mlangoni, mimi nimesimama katikati natafsiri. Dörr alikuwa amenyolewa. Kunyolewa kumemrudishia adabu na uongo. Hakusema tena "Leopold". Hakunitazama.

Kapteni Tuttle ni mtu wa Nebraska, mrefu, mpole, anaandika polepole kwa kalamu ya wino na hapendi kukatizwa.

"Mwambie arudie hiyo ya Septemba 1942."

Dörr akarudia, safari hii kwa maneno ya kiofisi. Palikuwa na mtoto ambaye hakuandikishwa. Yeye, kwa wadhifa wake, alitoa taarifa. Mtoto alichukuliwa na gari hadi mji wa wilaya, kisha treni ya mashariki.

Nikatafsiri. Kila "mtoto" niliitafsiri "mtoto".

"Mtoto gani?" Kapteni akauliza. "Siwezi kuandika 'mtoto'. Ana jina?"

Nikamgeukia Dörr. "Kapteni anataka jina."

"Sikumbuki. Walikuwa wengi."

"Wa darini walikuwa wengi?"

"Nimesema sikumbuki."

"Alikaa darasani kwako mwaka mzima kabla hujamfukuza. Benchi la pili, upande wa dirisha. Ulimpiga rula kwa kuandika na mkono wa kushoto."

Kapteni aliinua kichwa. "Sajenti, unamwambia nini? Mbona maneno yako ni marefu kuliko yangu?"

"Namkumbusha, bwana Kapteni."

Ndipo Bi Dörr akasema kutoka kwenye benchi, "Otmar, litaje. Nililia siku tatu bila kujua jina la kumlilia, ukakataa kuniambia. Litaje leo nilisikie."

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Trude," akasema. "Trude Rothfels."

Hilo halikuhitaji tafsiri. Kalamu ya Kapteni iliandika Trude, ikaanza herufi ya pili ya jina la pili, ikasimama. Wino ukafanya doa. Hakunitazama mara moja. Alilitazama lile doa, kisha dirisha, kisha mimi.

"Ni dada yako?"

"Mdogo wangu."

"Na nyumba?"

"Ya baba yangu."

"Wiki tatu nalala kitandani kwa baba yako, na wewe unaniambia 'habari za asubuhi, bwana Kapteni'." Aliweka kalamu chini. "Kwa nini hukuniambia, kijana?"

"Ungemleta mkalimani mwingine."

"Ningemleta, ndiyo. Kanuni ndivyo zinavyotaka."

"Ndiyo maana."

Akavuta pumzi. Kisha akafanya kitu nitakachomkumbukia maisha yangu. Akachukua karatasi mpya, akaandika upya tangu mstari wa kwanza, na pale palipokuwa na neno "mtoto" akaweka jina lake kamili. Mara kumi na nne. Akaniambia nimsomee Dörr yote kwa sauti, naye atie sahihi mwisho wa kila ukurasa.

21 Aprili

Dörr amepelekwa gerezani wilayani. Leo saa nane niliketi sebuleni nikangoja. Jana pia, na juzi.

Hakuna kitu. Nyumba imekuwa nyumba tu. Sikujua kwamba kimya kinaweza kumnyang'anya mtu kitu ambacho hakuwa nacho.

24 Aprili

Bi Lina Heck alikuja mwenyewe, amevaa gauni la kanisani. Alikataa kuketi.

"Mwanangu Siegbert," akasema. Tangu nilipokwenda Baltimore hakuna aliyeniita hivyo. "Tulikujua. Uliposhuka garini siku ya kwanza, kabla hujavua helmeti. Una mwendo wa baba yako. Mchana ule mji mzima ulikuwa umeshajua."

"Na mkaniambia walihama."

"Tulikuambia walihama." Alinyoosha gauni lake. "Mama yako alikuja kwangu siku moja kabla. Akaniambia, Lina, watakapotuchukua, kesho yake usiku uingie kwa mlango wa zizi umtoe Trude. Nikaapa. Nilimwandalia na kitanda. Kesho yake nikasimama nyuma ya mlango wangu nimevaa koti. Na keshokutwa. Wiki nzima nilivaa koti. Kisha Dörr wakahamia, nikalivua."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka pia kumshika asianguke. Sikufanya lolote kati ya hayo. Alipoondoka niliteremka jikoni nikamuuliza Bi Dörr kama na yeye alinijua tangu mwanzo.

"Toka ulipogusa kabati kabla sijakuonyesha."

"Basi zile habari za hatua ulinisimulia makusudi. Ulitaka nipande."

Alikausha mikono yake kwa muda mrefu. "Zile hatua ni za kweli. Walipomchukua, nilidhani zitakoma. Miaka miwili na nusu, hazikukoma. Otmar alipoingia mle nikaendelea kupeleka mkate, mkono wangu umeshazoea njia. Lakini sikuwa na uwezo wa kumtoa mwenyewe. Sikumtoa mtoto, sikumtoa na yeye. Mimi ni mtu wa kupeleka mkate tu."

Nimelala nikimchukia kidogo kuliko jana. Nalo hilo limeniudhi.

8 Mei

Vita vimekwisha. Palladino amelewa juu ya gari, amelala na honi.

23 Mei

Kapteni aliandika kila mahali, na majibu yamefika. Treni ya Juni, yenye Baba na Mama: imefika mashariki, haijapatikana hata nafsi moja ya kuieleza. Treni ya Septemba: orodha ipo, jina lipo, nambari 611. Haijapatikana hata nafsi moja.

Karani wa mji ameniuliza nataka kuifanyia nini nyumba. Ni yangu kwa sheria, anasema, anaweza kuandika hati leo hii. Nimemwambia aandike. Nimemwambia pia Bi Dörr aondoke kabla ya Jumapili, aende kwa dada yake. Alikubali kwa kichwa. Mlango nitaufunga, ufunguo nitaondoka nao.

27 Mei, Jumapili

Kesho tunahamishiwa Bavaria. Leo nimepanda kilimani kwenye makaburi yetu. Kapteni na Palladino walinifuata bila kualikwa, Palladino na koleo begani. Mawe mengi yamesukumwa yakalala. Tuliinua la Babu, tukaliegemeza, tukapanga kokoto chini yake. Baba, Mama na Trude hawana jiwe hapa wala popote.

Nilipogeuka, watu wa mji walikuwa wamesimama nje ya ukuta. Hakuna aliyewaita. Arobaini, labda hamsini, wamevua kofia, hawaingii, hawasemi. Bi Lina alikuwa mbele. Upepo ulivuma lakini hata koti la mmoja wao sikuliona likitikisika, au labda sikutaka kuona. Sijawahi kuogopa watu hai namna ile.

Nilikuwa na Kadishi, sala ya wafiwa, kwenye kitabu kidogo cha jeshi. Nikakifungua, nikakifunga.

"Vipi?" Palladino akauliza.

"Haisomwi bila wanaume kumi. Wayahudi kumi. Rabi wa divisheni yuko mbali. Niko peke yangu."

Alitafakari, ameegemea koleo. Kisha akaenda kwenye mstari wa kwanza wa mawe, akaanza kuyagusa kwa kiganja, moja baada ya jingine, kwa heshima, kama mtu anayepita akiamkia wazee kibarazani. Herufi hawezi kuzisoma. Aligusa lililosimama na lililolala. Jiwe la Babu akaligusa la tisa. Akarudi, akanigusa mimi kifuani.

"Kumi," akasema. "Soma."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya kufika ukutani, na majina yote matatu nikayataja. Kapteni alishika kofia yake kifuani hadi Palladino alipomnong'oneza kwamba kwa Wayahudi kofia huvaliwa, akaivaa haraka. Palladino aliitikia amina mahali pasipo pake, mara tatu au nne. Sikumsahihisha.